Wakili ana nguvu gani mbele ya tingatinga?

Ndugu yangu, umeuliza wakili atawasaidiaje wakati tingatinga limeshaingia msituni. Mtazame Alfred Brownell, wakili wa mazingira wa Liberia. Mwaka 2010 serikali yao iliipa kampuni ya michikichi mkataba wa miaka 65, na wanavijiji wa kaunti ya Sinoe wakashuhudia makaburi ya wazee wao yakiharibiwa. Makaburi, jamani!

Brownell hakukimbilia mahakamani. Alikwenda vijijini, akakusanya ushahidi pamoja na wenyeji, na 2012 malalamiko yakafika RSPO, chombo cha kimataifa kinachosimamia vyeti vya mawese yanayozalishwa bila kuharibu mazingira. Hapo ndipo alipoibana kampuni, maana mawese yasiyo na cheti wanunuzi wengi wakubwa huyakwepa. RSPO ikaagiza ukataji usimame, na ekari zaidi ya 500,000 za msitu zikanusurika. Yeye mwenyewe alitishwa hadi akakimbilia Marekani na familia yake. Tuzo ya Goldman ya 2019, ya watetezi wa mazingira, ilimkuta huko.

Kwa hiyo anzeni leo: pigeni picha makaburi na chemchemi, andikeni tarehe, wazee watie sahihi au dole gumba. Wakili akija akute kitu mkononi.