Nimepangiwa Siasa na Utawala, Baba Mdogo Anataka Ualimu

SWALI: Mwalimu, salamu nyingi kutoka Ahero, Kisumu. Nilipata B- kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni, wamenipangia shahada ya Siasa na Utawala. Baba mdogo, ambaye ndiye atakayenisaidia kwa karo, anasema hiyo ni kozi ya kuandaa wabeba mikoba wa waheshimiwa, afadhali nihamie ualimu. Siasa naipenda, ila sina wa kunieleza ndani yake mna nini hasa. Tena Hesabu nilipata D+. Je, nihame?

JIBU: Salamu nimezipokea, mwanangu. Kama unachopenda ni majukwaa na misafara, msikilize baba yako mdogo, kwa kuwa hayo hayahitaji shahada. Wawakilishi wadi walichaguliwa 2022 bila kudaiwa digrii. Lakini kama unataka kujua nani ana mamlaka juu ya nini, aliyapata wapi na anawajibika kwa nani, basi usihame. Chuoni tunafundisha hilo.

Wewe ni mtu wa Ahero, kwa hivyo tuanze na maji. Masika yakikolea, mto Nyando hufurika, Uwanda wa Kano ukajaa maji, na familia zikahamia shuleni. Barazani lawama zote humwangukia mwakilishi wadi. Sasa litazame jambo hilo kama mwanafunzi wa utawala. Maji hayo hutoka nyanda za juu za Nandi na Kericho, na gavana wa Kisumu hana amri juu ya miti inayokatwa kule. Mito inasimamiwa na mamlaka ya kitaifa chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Mradi wenu wa mpunga nao uko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Unyunyizaji. Zahanati iliyoingiwa na maji ni ya kaunti. Shule ya upili iliyogeuzwa kambi ni jukumu la serikali ya kitaifa. Kukabili majanga, Jedwali la Nne la Katiba limezipa serikali zote mbili, na hapo ndipo kila upande hupata nafasi ya kuusukumia mwingine. Jambo hili linaniuma, maana watu wanapoteza mifugo na nyumba huku malalamiko yao yakipelekwa kwa ofisi isiyo na uwezo nayo.

Miaka minne utasoma nadharia za siasa, siasa linganishi, utawala wa umma, uhusiano wa kimataifa, katiba na mbinu za utafiti. Nadharia huwachosha wengi mwaka wa kwanza. Vumilia. Utakapomsoma Hobbes, Mwingereza aliyeona vita vya wenyewe kwa wenyewe akatetea mtawala asiyepingwa, waulize wazee wa Kisumu waliokuwepo Oktoba 25, 1969 wangemjibu nini. Siku hiyo Rais Jomo Kenyatta alikuja kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ile ambayo wengi bado wanaiita Russia. Akarushiana maneno hadharani na Jaramogi Oginga Odinga, kiongozi wa upinzani, ghasia zikazuka, na umati ukapigwa risasi. Siku chache baadaye KPU, chama cha Jaramogi, kikapigwa marufuku. Nchi ikaenda kwa chama kimoja, jambo lililokuja kuandikwa kwenye katiba 1982 na kufutwa Desemba 1991. Nadharia ikisomwa hivyo haichoshi tena.

Kisha kuna fedha. Mwanafunzi wangu mmoja alifanya atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, katika bunge la kaunti moja ya huku. Alirudi na makadirio ya bajeti, akanionyesha wadi yao: zahanati iliyotajwa mwaka uliotangulia imetajwa tena, kwa kiasi kilekile, na jengo halipo. Hakuwa akimshtaki mtu. Alitaka kujua mradi huvushwaje kutoka mwaka mmoja hadi mwingine. Tukakaa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Makadirio hutakiwa kufika bunge la kaunti kabla ya Aprili kwisha, mwaka wa fedha huanza Julai 1, na Kifungu cha 196 cha Katiba kinalilazimu bunge hilo kuwashirikisha wananchi. Kwa hiyo miezi ya kusema ni Mei na Juni. Wengi wetu huanza kulalamika Agosti, fedha zikishapangwa. Binti huyo aliandika tasnifu yake juu ya zahanati ile, na ni miongoni mwa kazi bora nilizowahi kusahihisha.

Kuhusu ajira sitakuficha: nafasi ni chache. Kuna makarani wa kamati na watafiti katika mabunge ya kaunti, wasimamizi wa wadi, tume za kikatiba, na mashirika ya kijamii. Baba yako mdogo ana hoja moja nzito, nawe mpe heshima yake. TSC, tume inayoajiri walimu, inataka masomo mawili yanayofundishwa shuleni, na siasa haimo. Ukijua moyoni kwamba darasa ndilo unalolitaka, omba kuhama sasa KUCCPS wanapofungua nafasi hiyo, kuliko kujuta mwaka wa tatu. Ukibaki, omba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, mapema ili mzigo wote usimwelemee yeye.

Hesabu, sasa. Takwimu zipo na haziepukiki: asilimia, wastani, sampuli, majedwali. D+ haikuzuii kujifunza, ila usingoje mhadhara wa kwanza. Kaunti ya Kisumu ina wadi 35. Tafuta makadirio ya bajeti ya mwaka huu katika ofisi ya wadi au bunge la kaunti. Wakikunyima, andika ombi rasmi ukitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Piga hesabu kila wadi imetengewa asilimia ngapi ya fedha za miradi, kisha linganisha na idadi ya watu wake katika sensa ya 2019. Ukikwama, niandikie tena na uniambatanishie jedwali lenyewe, hata kama halijakamilika.