Raifo ya kiwandani ipige palepale: kwa vijana mnaoanza kazi kambini

Wadogo zangu mliotoka vyuo vya wanyamapori vya Mweka na Pasiansi mnaoingia kambi za uwindaji wa kitalii msimu huu, Julai mosi ikifika mtapewa kazi ambayo wengi wanaiona ndogo, kutunza bunduki za kampuni na kumsaidia mteja kuseti ya kwake kabla hamjaingia porini. Mimi naiona ndo kazi yenyewe. Bunduki ikitawanya risasi swala pala anaondoka na tumbo limetoboka anateseka usiku kucha, na akiwa nyati basi watakaomfuata kwenye kichaka ni mwindaji bingwa, matraka wanaosoma nyayo na wewe. Kwahiyo nawaandikia kuhusu raifo ya kawaida kabisa ya dukani, kaliba .30-06 ya kongoni na swala au .375 ya nyati, namna ya kuifanya ipige palepale bila kuipeleka kiwandani tena.

Kitu cha kuelewa ni kwamba raifo inakuwa na shabaha pale kila kitu chake kinaporudi mahali pake baada ya kila risasi. Mtutu unatetemeka risasi inapopita, bodi, yaani chuma kinachobeba bolti na kushika mtutu, inarushwa nyuma na teke, skopu nayo inavutwa, vyote hivyo ni kawaida, shida inaanza kimoja kisiporudi kilipokuwa. Sasa ukiona matundu yametapakaa kwenye karatasi usikimbilie kusema mtutu mbovu, mitutu ya viwandani siku hizi ni mizuri sana na kwa kweli ni mara chache utakuta yenyewe ndo tatizo. Tafuta kinachocheza, alafu tafuta kinachogusa.

Anza na skrubu, na nasema hivi kwa msisitizo maana bunduki ya mteja imesafiri ndege mbili tatu, imerushwa rushwa na wabeba mizigo, ikamalizia na barabara ya kambini nyuma ya Land Cruiser. Toa magazini, fungua bolti, angalia chemba kwa macho na uingize kidole uhakikishe, ndo ushike spana. Usiishie kwenye pete za skopu zinazoonekana, zile skrubu za chini zinazoshika beisi, yaani kikalio cha pete, kwenye bodi ndo mara nyingi zimelegea na hauzioni mpaka uitoe skopu. Zifute mafuta kwa spiriti, weka tone la ile gundi ya bluu ya skrubu, kaza taratibu. Kambi ikiwa na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, itumieni jamani, pete nyingi zinataka kama Nyutoni-mita 2 tu, mtu anayekaza kwa nguvu za mkono anaibana skopu mpaka mitambo ya ndani inagoma. Zile skrubu mbili au tatu za chini zinazoshika bodi kwenye kitako, yaani ile mbao yote mpaka chini ya mtutu, kama ni mbao tupu ziende 4 hadi 5, kama kuna nguzo za alumini ndani zinaweza kufika 7, ila kitabu cha bunduki kikisema kingine fuata kitabu. Ukimaliza chora kamstari ka rangi ya kucha kanakoanzia kwenye kichwa cha skrubu na kuishia kwenye pete, siku mstari ukikatika unajua imezunguka. Kwa .375 hii ni lazima, teke lake linalegeza vitu ambavyo kwenye .30-06 vingekaa miaka.

Baada ya hapo ni mbao, na hapa kwetu mbao inasumbua kuliko wanavyosumbuka wao huko bunduki zinakotoka. Kitako cha mbao ya mti wa jozi kilichozoea hewa yenye unyevu kikija kukaa pori la Rungwa mwezi wa tisa kinakauka, kinajipinda kidogo, na mbao ya mbele inaanza kuegemea mtutu upande mmoja. Risasi ya kwanza inapiga vizuri, ya pili karibu yake, mtutu ukipata joto zinaanza kutambaa kwenda juu au pembeni. Ukiona risasi zinatambaa hivyo kwa mpangilio badala ya kutawanyika ovyo, shuku mbao kabla ya kitu kingine. Chukua kipande cha karatasi ya daftari, kipitishe kati ya mtutu na mbao kuanzia mbele hadi karibu na bodi, pale kinapokwama ndo panapogusa. Panasuguliwa kwa msasa uliozungushiwa kwenye kijiti cha mviringo, kidogo kidogo, kisha unapaka vanishi ile sehemu iliyobaki wazi maana ukiiacha itanyonya maji mvua za Novemba. Ila angalia, kuna viwanda vinaacha kinundu makusudi kule mbele kiusukume mtutu juu kidogo, na kuna mitutu myembamba inayokipenda hicho. Piga kwanza uone inavyofanya ndo uamue, ukishasugua haurudishi.

Vitako vya plastiki vya bei nafuu havijipindi kwa hali ya hewa lakini ni laini, vishike mbele pamoja na mtutu uminye, ukiona plastiki inafika kwenye mtutu ujue hata ukivuta mkanda wa bunduki kwa nguvu au ukiiegemeza vibaya risasi itahama.

Na kuna lile jino chini ya bodi linalopokea teke. Lisipokaa sawasawa kwenye mbao, bodi inarudi nyuma kila risasi na kukaa mahali tofauti, na kwenye .375 kitako kinaweza kupasuka kabisa nyuma ya bodi. Dawa yake ni kutengenezewa kitanda cha epoksi, yaani bodi inalazwa kwenye gundi ikiwa mbichi, gundi inaganda kwa umbo lake kamili. Chuma chote kinapakwa kiwi ya viatu kwanza ili kisigande humo. Kazi nzuri sana hii, ila muachie fundi mwenye leseni, nimeona bodi iliyogandia kwenye kitako ikabidi mbao ikatwe.

Risasi nazo. Sisi huku tunatumia za boksi, kwahiyo uhuru wetu ni kuchagua boksi. Raifo mbili za aina moja, kiwanda kimoja, moja inaweza kupenda risasi ya uzito wa greni 165 na nyingine ikataka 180, hakuna wa kukwambia zaidi ya karatasi. Chagua kwanza risasi inayomfaa mnyama, kati ya hizo ndo utafute inayokusanyika, ukiipata nunueni za namba ileile ya toleo za kutosha msimu mzima. Na zisikae kwenye dashibodi juani! Baruti ikipata joto mwendo wa risasi unapanda na pigo linahama.

Kupima fanya asubuhi kabla mvuke wa joto haujaanza kucheza kwenye skopu. Boksi la karatasi mita 100, viroba vya mchanga mbele na nyuma, mbao ndo ikae kwenye kiroba, mtutu kamwe usiegemee kitu. Usihukumu kwa risasi tatu, tatu zinaweza kukusanyika kwa bahati tu, piga tano, subiri mtutu upoe, piga tano nyingine. Badilisha kitu kimoja kwa wakati na uandike kwenye daftari, ukikaza skrubu na kubadili risasi siku hiyohiyo hautajua kilichosaidia. Skopu nyingi za uwindaji kliki moja inahamisha kama milimita 7 kwa mita 100. Na iheshimuni ile risasi ya kwanza ya mtutu wa baridi, maana mnyama anapigwa na hiyo.

Usafi, ingiza ufito kutokea nyuma, ukitokea mbele unakwaruza ukingo wa mdomo wa mtutu na ukingo ukiharibika risasi inatoka imesukumwa upande. Mdomoni weka kipande cha solotepu kuzuia vumbi, hakidhuru shabaha, hewa inakitoa kabla risasi haijafika. Triga nzito inaharibu shabaha kweli, lakini usiiguse wewe, ni ya fundi mwenye leseni, na kwa bunduki ya nyati msiitake nyepesi, mikono itakuwa inatetemeka.

Ikikusanya ndani ya sentimita 4 kwa mita 100, acha kuihangaikia. Nyati anapigwa kwa mita 80 au chini ya hapo, na mteja atakuwa amesimama ameegemeza bunduki kwenye fimbo tatu zilizofungwa pamoja huku anahema. Risasi zilizobaki kwenye boksi la mazoezi mpe azipige akiwa kwenye hizo fimbo, siku hiyohiyo, kabla ya chakula cha mchana.