Maswali ya wavuvi: beringi 11 au mwili wa alumini?

SWALI: Dukani kuna rili mbili za kurusha (vifaa vya kuzungushia mshipi kwenye fimbo), zote saizi 5000, bei hazipishani sana. Ya kwanza ina beringi 11, gia 6.2:1, mwili wa plastiki. Ya pili ina beringi 5, gia 4.9:1, mwili wa alumini. Navua kolekole na nguru kwa chambo bandia juu ya miamba ya Kilifi. Nichukue ipi? – Msomaji, Kilifi

JIBU: Chukua ya alumini. Wingi wa beringi huvutia macho dukani, lakini kwenye maji ya chumvi beringi 11 hafifu ni mahali 11 pa kuota kutu. Tano nzuri zinatosha kabisa. Kinachoua rili ni mzigo. Kolekole akila na kukimbilia mwambani, mwili wa plastiki hupinda kidogo, gia zikakaa upande na meno yakaanza kulana. Ukizungusha utahisi kama kuna mchanga ndani, na siku si nyingi mkono wa rili utaanza kuruka meno.

Kuhusu kasi, gia ya 6.2:1 maana yake ukizungusha mkono wa rili mara moja, mshipi huzungushwa mara 6.2 kwenye spuli, yaani kigurudumu chake. Basi zidisha mzingo wa spuli kwa namba ya gia. Spuli yenye kipenyo cha sentimita 5 ina mzingo wa karibu 16. Gia ya 6.2 itakuvutia kama sentimita 97 kila mzunguko, ya 4.9 kama 77. Nguru hupenda chambo kinachokimbia, kwa hiyo utalazimika kuzungusha haraka zaidi. Hilo mkono utalizoea, na gia ya chini humvuta samaki mzito kwa wepesi. Mwili unaopinda hauna dawa.

Kabla ya kulipa, legeza kiasi breki, ile inayoachia mshipi utoke samaki akivuta kwa nguvu, kisha vuta mshipi polepole kwa mkono. Lazima utoke laini tangu mwanzo. Ukigoma halafu ukaachia ghafla, iache rili hiyo hata kama ni ya alumini, kwa sababu mshtuko huo ndio unaokata mshipi.

SWALI: Breki ya rili yangu imeandikwa kilo 10 na mshipi wangu ni wa kilo 12. Mbona unakatika? – Msomaji, Tanga

JIBU: Kilo 10 ni mwisho wa breki, si kipimo cha kuvulia. Weka robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi: kwako ni kilo 3 hadi 4. Mshipi ukishapita kwenye pete za fimbo, funga ncha kwenye mizani ya kuning'iniza, inua fimbo na ukaze breki hadi mshipi uanze kutoka kwenye kipimo hicho. Fundo nalo hupunguza nguvu, na mshipi uliokwaruzwa na mwamba hauna tena kilo zake 12.

Jambo jingine: samaki anapochukua mshipi, usizungushe mkono wa rili. Kwenye rili ya kurusha, kila mzunguko wa bure huusokota mshipi mara 5 au 6, kulingana na gia.

SWALI: Nimejaza mshipi wa kusuka, lakini nikivuta unazunguka wote juu ya spuli. – Msomaji, Mafia

JIBU: Unateleza kwenye chuma. Utoe, anza na mizunguko kumi hivi ya nailoni, unganisha, kisha ujaze upya ukiukaza kwa kitambaa kibichi. Acha milimita 2 kabla ya ukingo wa spuli. Ukijaza hadi juu, utatoka mafungu mafungu unaporusha.