Kabla fundi hajatoboa boriti kwa ajili ya bomba la choo, soma hapa

Mkuu, nimeelewa swali lako hivi: sakafu ya juu ni ya mbao, boriti zina kina cha milimita 200 na zimepangwa kila milimita 400. Unataka choo kihame kutoka kwenye ukuta wa bomba kuu la kushuka (lile linaloteremsha majitaka hadi chini) kiende upande wa pili, mita mbili na nusu hivi, na boriti zinakatiza njia hiyo. Fundi amekwambia atazitoboa tu, hazitadhurika.

Hapo msimamishe. Nimefanya kazi ya mabomba kwenye sakafu za mbao miaka mingi, na kama kuna jambo moja ninalolisisitiza kwa kila mwenye nyumba ni hili: bomba la choo linafuata boriti, halizikatizi. Kwa hiyo choo hakikai pale unapopenda wewe kwenye mchoro, kinakaa pale boriti zinapokiruhusu. Ukishakubali hilo, mengine yote yana njia.

Piga hesabu mwenyewe. Bomba la inchi 4 lina kipenyo cha nje cha milimita 110. Boriti yako ina 200. Ukilipitisha katikati kabisa, juu unabaki na milimita 45 za mbao na chini 45, yaani zaidi ya nusu ya boriti imeondoka. Bado hujaweka mteremko. Bomba la majitaka linatakiwa lishuke. Kanuni nyingi zinakubali milimita 10 kwa mita kwa bomba kubwa, lakini mimi naweka karibu 20. Kwa mita mbili na nusu hiyo ni milimita 50. Zile 45 za chini zimeisha kabla hujafika kwenye bomba kuu. Hakuna ufundi wa mkono unaoweza kuishinda hesabu hiyo.

Kanuni zenyewe zinatofautiana kidogo lakini zinaelekea kulekule. Marekani wanaruhusu tundu lisilozidi theluthi moja ya kina cha boriti, na libaki angalau milimita 50 kutoka ukingo wa juu na wa chini. Uingereza ni wakali zaidi: robo tu ya kina, kwenye mstari wa kati, na tundu likae kati ya robo na asilimia 40 ya urefu wa boriti kutoka pale inapoegemea. Kwa boriti yako theluthi ni milimita 66, robo ni 50. Bomba la 110 haliingii popote hapo.

Sababu yake ni rahisi kuielewa ukiifikiria boriti inapobeba mzigo. Inapinda kidogo kwenda chini, kwa hiyo upande wa juu unabanwa na upande wa chini unavutwa. Katikati ya kina ndipo mbao haina kazi kubwa, ndiyo maana tundu linakaa hapo. Ukikata ukingo, na hasa wa chini, umekata palepale panaposhikilia mzigo.

Kuna bafu moja niliitwa kwa sababu vigae vilikuwa vinaachana kwenye mistari ya grauti (saruji ya kujazia kati ya vigae) na chini ya choo kunatoka harufu. Vigae walikuwa wameshavibadilisha, tatizo likarudi. Tulipofungua dari ya chumba cha chini tukakuta boriti tatu zimekatwa kutoka chini karibu nusu ya kina, bomba limelazwa kwenye mikato hiyo. Kwenye boriti ya kati ufa ulianzia kwenye kona ya mkato, pale msumeno ulipoacha pembe kali, ukafuata nyuzi za mbao kuelekea ukutani. Mwenzangu alipokanyaga mbele ya choo kule juu, niliuona ufa unafunguka, akiondoa mguu unafunga. Sakafu ilikuwa inacheza, choo kinacheza nayo, na ringi ya kuzibia chini ya choo ilikuwa imeshaachia. Aliyefanya kazi ile alikuwa ameondoka zamani. Bado inaniuma, maana wenyewe walilipa gharama ya vigae, kisha dari, kisha boriti, kwa kitu ambacho kingeepukwa kwa kukisogeza choo kidogo tu.

Sasa wewe ufanyeje? Ningekuwa hapo ningeanza na kugeuza mpangilio wa bafu. Angalia kama choo kinaweza kubaki kwenye ukuta wa bomba kuu, halafu sinki na bafu la manyunyu ndivyo vihamie upande wa mbali. Mabomba yao ni madogo, hivyo yana nafasi. Bomba la milimita 40 la sinki linapita kwenye tundu la 48 hivi, ambalo linakubalika hata kwa ile kanuni ya robo. La 50 la manyunyu lina kipenyo cha nje cha kama 56, linahitaji tundu la 60. Kwa kanuni ya theluthi linapita, kwa ya robo halipiti. Hata linapopita usisahau mteremko: ukiacha milimita 50 juu na 50 chini, umebaki na ukanda wa 100, tundu limekula 60, kwa hiyo una 40 tu za kushuka. Kwa milimita 20 kila mita, hizo ni mita mbili, basi. Mbali zaidi ya hapo tafuta njia nyingine.

Choo kikilazimika kuhama, njia ninayoipenda kuliko zote ni choo kinachotolea nyuma, chenye trapu ya P, yaani kile kipinde cha kushika maji kinaelekea ukutani badala ya sakafuni. Bomba linatoka juu ya sakafu, linatembea kando ya ukuta hadi kwenye bomba kuu, halafu unalifunika kwa kiboksi kirefu cha mbao na vigae. Unapoteza upana kidogo wa chumba, lakini unapata rafu ya kuwekea vitu, na boriti hazijaguswa. Njia ya pili ni kupitisha bomba kati ya boriti mbili, sambamba nazo, hadi ukutani, kisha lishuke huko. Ya tatu ni kulipitisha chini ya boriti zote na kushusha kipande cha dari ya chumba cha chini. Watu wanaikwepa kwa sababu ya muonekano, ila ni njia salama na bomba linakuwa rahisi kufikiwa. Kuinua sakafu ya bafu nayo inawezekana, lakini kwa mita mbili na nusu utahitaji nafasi ya bomba pamoja na mteremko wake, na hapo mlangoni unapata ngazi. Siipendi, hasa nyumba ikiwa na wazee.

Wakati mwingine boriti moja inakaa chini kabisa ya tundu la choo. Hiyo inaweza kukatwa, ila ncha zilizokatwa zibebwe na boriti za kukingama, na boriti jirani zinazopokea mzigo ziongezwe mbao ubavuni. Hiyo ni kazi ya mhandisi kuipigia hesabu na seremala kuitekeleza. Fundi bomba asiiamue peke yake.

Kama boriti zako ni zile za kiwandani zenye umbo la herufi I, mbao za juu na chini zisiguswe hata kidogo. Tundu linakaa kwenye bodi ya kati tu, kwa kufuata jedwali la aliyezitengeneza. Zile za fremu zenye nafasi wazi katikati ni neema: bomba linapita bila kukata chochote.

Kwenye kutoboa kwenyewe kwa yale mabomba madogo, piga uzi kutoka boriti ya kwanza hadi ya mwisho ukiwa na mteremko tayari. Kwa nafasi ya 400 kila tundu linashuka milimita 8 kutoka lililotangulia. Weka alama zote kwanza, kisha toboa. Bomba gumu refu haliwezi kupenyezwa kwenye matundu likiwa zima, kwa hiyo litaingia kwa vipande vifupi vinavyounganishwa kwa soketi kwenye nafasi iliyo kati ya boriti na boriti. Tundu liwe kubwa kidogo kuliko bomba, kwa sababu plastiki hutanuka maji ya moto yakipita na bomba lililobanwa na mbao hulia.

Kabla ya kufunga sakafu ziba mwisho wa chini, jaza maji, acha yakae huku mkikagua kila kiungo kwa tochi na kwa mkono mkavu. Piga picha njia nzima ikiwa na futi ya kupimia ndani ya picha.

Nipe vitu vitatu nikusaidie zaidi: boriti zinaegemea ukuta upi, bomba kuu liko umbali gani kutoka ukuta huo, na boriti ni za mbao nzima au za kiwandani.