Kifua kikiuma baada ya chanjo, taja tarehe ya sindano

Kijana wangu alikuwa na umri wa miaka 17 alipopata dozi ya pili ya chanjo ya UVIKO-19 ya aina ya mRNA, yaani ile inayoupa mwili maelekezo ya kutengeneza kipande cha kirusi ili ujifunze kujikinga, kama ya Pfizer-BioNTech. Siku ya kwanza alipata homa na bega likamuuma, mambo ambayo tuliyatarajia na ambayo kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Usiku wa tatu nilimkuta ameketi kitandani amekumbatia mto, kwa sababu kila alipolala chali kifua kilimbana, na akiinama mbele anapata nafuu kidogo.

Asubuhi tulikwenda zahanati, nikaeleza kwamba kifua kinamuuma, basi. Chanjo sikuitaja, kwa kuwa mawazoni mwangu lilikuwa jambo lililokwisha. Tulirudi nyumbani na dawa ya kiungulia. Jioni mapigo ya moyo yalianza kumwenda mbio akiwa amekaa tu, tukakimbilia hospitali, na huko muuguzi akauliza swali moja: amechanjwa lini? Kuanzia hapo mambo yalikwenda haraka. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mabadiliko, na damu ikaonyesha troponini, protini inayovuja misuli ya moyo inapoumia, ikiwa juu. Misuli ya moyo na utando unaoufunika vilikuwa vimevimba.

Uvimbe huu wa moyo baada ya chanjo ni nadra. Nchini Marekani, kwa wavulana wa miaka 16 na 17, ambao ndio walioathirika zaidi, zilihesabiwa kesi zipatazo 106 kwa kila dozi za pili milioni moja za Pfizer-BioNTech, na wengi walipona. Kwa watu kwa jumla, ugonjwa wa UVIKO-19 wenyewe huudhuru moyo mara nyingi zaidi kuliko chanjo yake. Ndiyo maana sijutii kumchanja. Ninachojutia ni ile siku moja niliyoipoteza kwa kunyamaza.

Kwa hiyo, kijana akilalamika kifua, pumzi kukata au moyo kwenda mbio ndani ya wiki moja hivi baada ya sindano, mpeleke hospitali siku hiyohiyo pamoja na kadi yake ya chanjo, na taja tarehe kabla hujaulizwa.

Kilichotutesa zaidi, kusema kweli, ni mapumziko. Maumivu yaliisha ndani ya wiki moja, lakini daktari alipiga marufuku michezo kwa kati ya miezi mitatu na sita, akieleza kwamba moyo ambao bado haujatulia unaweza kuvurugika mapigo ukilazimishwa kufanya kazi nzito. Wiki ya tatu nilimkuta mlangoni akifunga kamba za viatu vya mpira. Tuligombana, viatu nikavificha. Mwezi wa tano wa mapumziko, vipimo viliporudi vikiwa safi, aliruhusiwa kuanza kwa kutembea, kisha kukimbia polepole, na dozi nyingine ya chanjo ya aina ile daktari alituambia tusimpe bila kumwona kwanza.