Kabla hujanunua GPU nyingine, iulize kwanza PC yako

Swali ninaloulizwa sana na washkaji wa gemu ni lile lile, nina kadi fulani ya michoro (GPU), hela yenyewe ya kuungaunga, niapgredi au nisubiri? Na mimi nauliza kwanza, unacheza gemu gani na ikicheza inafanyaje? Maana wengi wanataka kununua kwa sababu wameona video ya mtu ana kadi kali, sio kwa sababu PC yao imewashinda. Mimi mwenyewe nimekaa na GTX 1060 ya 6GB, kadi ya 2016 hiyo, watu wananicheka, lakini kila nikipima nakuta anayelalamika mle ndani sio kadi.

Na kupima sio kazi ngumu. Pakua MSI Afterburner, inakuja pamoja na RivaTuner, ukishaziwasha unaona namba kwenye kona ya skrini huku gemu inaendelea: GPU inatumika asilimia ngapi, prosesa asilimia ngapi, VRAM (memori ya kadi) imejaa kiasi gani, joto, FPS (fremu kwa sekunde). Sasa usikae kwenye menyu ukasoma namba pale, nenda sehemu nzito kabisa ya gemu, mjini kwenye watu wengi au katikati ya vita, afu angalia. GPU ikiwa 97 mpaka 99% na FPS bado haikuridhishi, hapo sawa, kadi imefika mwisho wake. Ila ukiona GPU iko 60% na FPS iko chini vile vile, ujue kadi imekaa tu inasubiri kuletewa kazi, anayechelewesha ni prosesa au RAM, na hata ukiweka kadi ya bei mbaya utapata FPS zile zile na hela imeenda. Halafu usidanganywe na asilimia ya prosesa kwa ujumla, prosesa ya kori 6 inaweza kukuonyesha 40% wakati kori moja imejaa mpaka juu na gemu yote inaisubiri hiyo hiyo moja.

Kama bado huamini, shusha rezolusheni (idadi ya pikseli kwenye skrini) kutoka 1080p hadi 720p, usiguse kitu kingine. FPS zikiruka juu, kadi ndo ilikuwa imebanwa. Zikibaki pale pale basi hiyo hela ina kazi nyingine.

Kwangu ilikuwa hivi, Counter-Strike 2 ilikuwa inakatika katika vibaya, GPU haifiki hata 70%, na ndani kulikuwa na stiki moja tu ya RAM. Nikaongeza ya pili inayofanana nayo ili zifanye kazi kwa chaneli mbili, nikaingia BIOS (menyu ya PC kabla Windows haijawaka) nikawasha XMP maana bila hivo RAM inakimbia spidi ya chini kuliko ile uliyolipia, na gemu ikatulia. Stiki moja ya RAM bana, bei yake na ya GPU haziongei lugha moja. Baada ya hapo nikafungua kadi yenyewe, vumbi limejaa kwenye fini za hitisinki (chuma cha kupoozea), pesti ya joto imekauka imekuwa kama chokaa, nikasafisha nikapaka mpya. Kadi za kizazi kile zikikaribia nyuzi 83 zinaanza kujipunguzia spidi zenyewe, kwa hiyo kuna watu wanadhani kadi imezeeka kumbe inapigwa na joto tu.

Setingi nazo, watu wanaziogopa, wanabonyeza Ultra afu wanalalamika. Vivuli, ukungu na zile tafakari za kwenye maji ndo zinakula nguvu, shusha hizo kwanza. Texture (picha zinazofunika kuta na vitu) zinakula VRAM zaidi kuliko nguvu, kwa hiyo kama VRAM ipo ziache juu, gemu itaonekana nzuri tu. Na kama gemu ina FSR (inachora gemu kwa rezolusheni ndogo afu inaikuza), iwashe kwenye Quality, ile ni ya AMD lakini FSR 1 hadi 3 zinafanya kazi hata kwenye GTX za zamani, tofauti na DLSS ya NVIDIA ambayo inataka kadi za RTX. Medium yenye FSR kwenye monita ya 1080p sio aibu jamani. Tena monita yenyewe kama ni ya 60Hz (inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde), kadi ya kukupa FPS 140 utakuwa unalipia fremu ambazo macho yako hayatakuja kuziona.

Sasa kuna wakati ujanja unaisha kweli. VRAM ikijaa hata baada ya kushusha texture, gemu inaanza kushtuka shtuka na kuta zinakuwa kama zimepakwa matope, hapo hakuna setingi ya maana iliyobaki. Afu kuna gemu kama Indiana Jones and the Great Circle ya 2024 na Doom: The Dark Ages ya 2025, hizi zinadai kadi yenye ray tracing (kukokotoa jinsi mwanga unavyosafiri) ya ndani kabisa, kama huna hazikuhusu, hata ushushe kila kitu. Na kwa sisi wa GTX, NVIDIA ilishatangaza kwamba kadi za GTX 900 na GTX 10 mwisho wake wa kupata draiva za gemu mpya ulikuwa Oktoba 2025, baada ya hapo ni viraka vya usalama tu hadi Oktoba 2028. Haimaanishi kadi inakufa, gemu za zamani zitaendelea kucheza, ila kama unafuata gemu mpya mpya hiyo ndo kengele yako.

Ukishaamua kununua, usipande ngazi moja. Kutoka 1060 kwenda 1660 Super ni kuhamisha hela kwa furaha ya wiki moja, mimi nasema kama haikaribii mara mbili ya uliyonayo bora ukae na hela yako. Kwangu iliyokuwa na mantiki ni RX 6600, ina 8GB, inakaribia mara mbili ya 1060 na inakula wati 132 wakati ile ya zamani inakula 120, kwa hiyo kwa upande wa wati pawa saplai haibadiliki. Ila hapo hapo kuna kitu watu hawaangalii, 1060 nyingi zinachomekwa waya wa pini 6, RX 6600 inataka pini 8. Fungua keisi uangalie kabla hujalipa, kama waya wako una kale kakipande ka pini 2 kananing'inia pembeni uko salama, kama hakapo anza kuhesabu na bei ya pawa saplai. Pima na urefu wa kadi kwa rula, usikadirie kwa macho.

Madabodi ikiwa ya zamani ya PCIe 3.0 (toleo la njia inayounganisha kadi na bodi), ikimbie RX 6500 XT hata kama bei inavutia, inatumia leni 4 tu za kupitishia data na ina VRAM ya 4GB, kwenye bodi za zamani inaanguka sana. Na kadi za Intel Arc bila Resizable BAR (setingi ya BIOS inayoruhusu prosesa kuifikia VRAM yote kwa mkupuo) usithubutu.

Za mtumba mimi sina shida nazo. Watu wanaogopa zilizotumika kuchimba kripto, na ni kweli Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa GPU Septemba 2022 nyingi ziliingia sokoni, lakini chipu yenyewe huwa inavumilia, kinachochoka ni feni na zile pedi za joto juu ya memori. Kwa hiyo zungusha feni kwa kidole usikie kama inakwaruza, angalia skrubu kama zimelika, afu omba ichomekwe uione inafanya kazi. Fungua GPU-Z (programu inayoonyesha taarifa za kadi), kadi feki iliyobandikwa jina la nyingine mara nyingi itakuandikia FAKE pale pale. RX 580 ikiandikwa 2048SP ujue sio 580 kamili, ndani ni sawa na 570. Halafu iache ifanye kazi nzito kama dakika 20 huku unaangalia joto na skrini, ukiona vidoti vya rangi rangi au mistari, hata akikupunguzia bei rudisha, mara nyingi memori hiyo inakufa. Muuzaji akikataa kuiwasha mbele yako, shukuru ondoka.

Na ukihama kutoka NVIDIA kwenda AMD au kinyume chake, futa draiva za zamani kwa DDU (programu ya kufuta draiva) ukiwa kwenye Safe Mode ya Windows kabla hujatoa kadi, utajiepusha na skrini nyeusi za ajabu ajabu ambazo watu wanamlaumia aliyewauzia.