Maswali na majibu: 1860 München, leseni na pesa za tajiri

Bayern walikuwa wapi Bundesliga ilipoanza?
Nje. Ligi kuu hiyo ya Ujerumani ilianza 1963 na timu 16, na wakubwa wa soka la Ujerumani hawakutaka timu mbili za mji mmoja. 1860, klabu nyingine ya München, walikuwa wametoka kubeba ubingwa wa Oberliga Süd, ligi ya juu ya kusini mwa nchi wakati huo, basi nafasi ya München ikawa yao. Bayern walipanda 1965. Wanaodai Bayern walionewa waangalie kwanza msimamo wa msimu ule.

Timu imeanzishwa 1860 kweli?
Swali hili halichoki kurudi. Chama cha mazoezi ya viungo ndicho cha 1860. Kitengo cha soka kilianza 1899.

Ubingwa wao ni wa kweli au porojo za mashabiki?
Ni wa kweli, 1966, chini ya kocha Max Merkel, golini akiwa Petar Radenković aliyependa kuliacha lango na kupanda na mpira. Zikiwa zimebaki mechi mbili walikwenda Dortmund, waliokuwa wakigombea nao ubingwa, wakashinda 2-0. Mwaka uliotangulia walicheza fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya uwanjani Wembley, wakafungwa 2-0 na West Ham. Baada ya hapo walishuka daraja 1970, miaka minne tu tangu wabebe taji.

Rudi Völler alifunga mabao 37, timu ikashushwaje?
Haikushushwa na mabao. Msimu wa 1981/82 Völler, mshambuliaji wao, aliibuka mfungaji bora wa daraja la pili, na timu ikamaliza nafasi ya nne. Lakini Ujerumani kila klabu hukaguliwa vitabu vyake kabla ya msimu mpya: madeni, mapato yanayotarajiwa, dhamana za benki. Wao hesabu ziligoma, leseni ikanyimwa, wakatupwa daraja la tatu, ambako walikaa hadi 1991. Völler akauzwa Werder Bremen. Nyie mnaohesabu pointi peke yake, someni na mizania.

Mwekezaji ana asilimia 60 ya hisa, mbona haamui peke yake?
Kwa sababu hisa na kura ni vitu viwili. Hasan Ismaik, mfanyabiashara wa Jordan, aliingia 2011 klabu ikiwa ukingoni mwa kufilisika. Alichukua asilimia 60 ya kampuni inayoendesha timu, ila kura zake ni asilimia 49. Kanuni ya 50+1 inaacha kura nyingi mikononi mwa chama cha wanachama. Wengi mnailaumu kanuni hiyo. Mimi nalaumu bajeti inayopangwa kwa kutegemea mfuko wa mtu mmoja. Angalieni 2017: walimaliza nafasi ya 16 daraja la pili, wakatoka 1-1 na Jahn Regensburg ugenini kwenye mchujo wa kubaki daraja hilo, kisha wakafungwa 2-0 nyumbani. Hapo bado walikuwa na haki ya kucheza daraja la tatu. Fedha za leseni zilitakiwa ndani ya siku chache, mwekezaji hakuzitoa, wakaangukia daraja la nne. Walirudi la tatu 2018 kwa kuwatoa Saarbrücken kwa jumla ya 5-4.

Ni kweli Allianz Arena ilikuwa yao?
Nusu. Uwanja ulifunguliwa 2005, wao wakiwa tayari wameshuka daraja, na gharama zake ni za timu kubwa. 2006 waliwauzia Bayern hisa zao kwa euro milioni 11, wakageuka wapangaji wa mtani wao.

Wanaitwa "Simba". Wana undugu na Simba wa Kariakoo?
Hapana.

Nikifika München niwaone wapi?
Uwanja wa Grünwalder Straße, mtaa wa Giesing. Unachukua watu 15,000, kwa hiyo kata tiketi mapema. Soma ratiba vizuri: uwanja ni mali ya jiji na timu B ya Bayern nayo huutumia, usije ukalipia mechi siyo. Jezi nyekundu, rangi ya Bayern, iache hotelini.